Kibao cha Kilima cha Mabwe

Mapalo alikuwa mwongo wa jambo moja tu, na jambo hilo alirithishwa na mama yake pamoja na vikapu viwili na kisu cha mpini wa mti. Ukimuuliza umri wake, atakuambia. Ukimuuliza marehemu mumewe alikuwa akinywa kiasi gani, atakuambia hata usichouliza. Lakini ukimuuliza uyoga wake anautoa wapi, atanyoosha mkono kuelekea Kilima cha Mabwe, na huko utatembea mpaka miguu ivimbe bila kuona hata uyoga mmoja.

Wanawake wote waokotao uyoga kando ya barabara ya Kasenga walikuwa hivyo hivyo, na hakuna aliyeona ni dhambi. Mapalo alikwenda misa kila Jumapili na hakuwahi kuliungama hilo. Ukimwonyesha mtu mahali pako leo, kesho utamkuta ameshainama hapo kabla yako. Pake palikuwa ng'ambo ya kijito, chini ya miti ya mutondo. Mvua za kwanza zikishanyesha, ardhi ya pale ilitoa bwitondo, ule uyoga mdogo wa njano, mpaka kikapu kinajaa jua halijakaza. Aliuuza mjini, mtaa wa Makomeno, nyumba kwa nyumba, na mwingine aliukausha wa kula kiangazi. Watoto wanne walisoma kwa uyoga huo. Hata binti zake alikuwa hajawaonyesha bado.

Mwezi wa saba akaja Bénie, msichana wa mjini mwenye kofia ngumu ya mgodini na tableti mkononi. Mgodi ulikuwa unapanuka na ulitafuta pa kumwaga mchanga wake mchafu. Kabla ya kukata msitu, ilibidi kwanza wenyeji waulizwe wanapata nini humo, ili mahali panapowalisha paachwe.

Bénie alikuwa mpole, na hilo ndilo lililoharibu. Angekuwa mjeuri, Mapalo angemfukuza na mambo yakaishia hapo. Lakini alikaa kwenye kigoda, akala karanga alizopewa, akauliza kwa adabu habari za uyoga:

“Mama Mapalo, bowa unaokotaka wapi? Juu kampuni ijue fasi ya kuacha.”

Mkono wa Mapalo ulinyooka wenyewe. Kwa miaka arobaini mkono ule ulikuwa umejibu swali lile, na siku hiyo pia ulijibu.

“Kulee, ku Mabwe. Iko mingi sana.”

Bénie akaandika, akashukuru, akaenda zake. Mapalo alipokuwa anaosha sahani ndipo yale maneno ya mwisho yalipomfikia vizuri. Fasi ya kuacha: mahali ambapo mashine hazitagusa. Akajifariji kwamba waokotaji ni kumi na mmoja, na kati ya wanawake kumi na mmoja hawezi kukosekana mmoja wa kusema kweli.

Mwezi wa nane waliitwa kwenye ukumbi wa parokia. Ramani ilibandikwa ukutani, na Bénie aliisimamia akiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

“Bamama, siyaonaka kintu ya vile. Bantu kumi na moja, na bote balionyesha fasi moja. Donc basi, hakuna mashaka.”

Kilima cha Mabwe kilikuwa kimepakwa kijani. Ng'ambo yote ya kijito ilikuwa nyekundu, rangi ya pa kukatwa. Mapalo alimtazama Marie-Thérèse, jirani yake wa miaka ishirini, na Marie-Thérèse akawa anaitazama dari. Bénie aliuliza kama kuna mwenye neno. Kuinua mkono ilikuwa ni kutaja mahali pako mbele ya wenzako kumi waliotega masikio. Hakuna aliyeinua. Mtu mmoja akapiga makofi, nao wote wakapiga.

Jioni ile Mapalo alishindwa kula. Akavuka uzio na kumkuta Marie-Thérèse naye kainamia sahani yake bila kuigusa.

“Yaya, weye ulimuonyeshaka Mabwe?” Marie-Thérèse alimuuliza mkubwa wake.

“Na weye?”

“Na mie.”

Walicheka kidogo, halafu kicheko kikawaishia.

“Nilikuwa nafikiri weye utasema kweli,” Marie-Thérèse alisema. “Weye njo unaendaka misa.”

Waliwapitia wale wengine tisa, ili waende pamoja kumwambia Bénie kweli. Wawili walisema wanaumwa. Mmoja alisema atafikiri. Waliobaki waliapa kwamba Mabwe ndiko wanakookota, waliapa huku wamemkazia Mapalo macho, bila haya. Mapalo alihisi uchovu, si hasira. Yeye mwenyewe angewajibu vivyo hivyo.

Basi wakaenda wawili. Walimvusha Bénie kijito, na njiani ilijulikana kwamba mahali pa Mapalo na pa Marie-Thérèse palikuwa mwendo wa kuita na kuitika. Miaka ishirini kila mmoja alizunguka kwa njia yake ili mwenzake asimwone. Walisimama chini ya miti ya mutondo, kwenye majani makavu na majivu ya moto wa kiangazi.

Bénie alitazama chini, akazunguka, akatazama tena.

“Bowa iko wapi, bamama?”

“Iko mu udongo,” Mapalo alisema. “Ngoja mvua.”

“Mvua itakuya mwezi gani?”

“Wa kumi na moja.”

Bénie aliyapiga picha yale majani, kwa heshima tu. Akasema karatasi zimeshatiwa sahihi. Akasema kumi na mmoja walisema hivi, sasa wawili wanasema vingine, na chini hakuna cha kuonyesha. Lakini ataandika. Mapalo aliamini kwamba aliandika kweli, na mpaka leo anaamini, kwa sababu yule binti aliondoka machozi yakimlengalenga.

Mwezi wa tisa mashine ziliingia. Siku nne zilitosha kumaliza ng'ambo yote ya kijito. Wiki hiyo hiyo, juu ya Mabwe, kilisimamishwa kibao kwa Kifaransa na Kiswahili: Msitu wa Akina Mama, Mahali pa Uyoga, Usikate Mti. Mapalo alichaguliwa kuwa mlinzi kwa kuwa ndiye mwenye umri, akapewa kizibao kinachong'aa kama cha wafanyakazi wa barabarani. Kukataa kungehitaji maelezo, naye maelezo yalikuwa yamemwisha. Akakivaa.

Mvua ikaja, nzuri, ya kuloanisha mpaka mizizi. Siku ya tano, Cathy, mteja wake wa Makomeno, akapanda kilima na kikapu mkononi, viatu vimejaa matope.

“Mama Mapalo, mwaka hii haukuya na bowa. Nikasema nikuye mwenyewe. Balisema hapa njo fasi yake.” Akakisoma kile kibao tena, akashusha sauti. “Ni wapi, mama? Sitamuonyesha muntu.”

Mkono wa Mapalo ulianza kunyanyuka kuelekea Mabwe kama kawaida yake, lakini walikuwa wamesimama hapo hapo Mabwe. Ukabaki hewani kidogo. Kisha akageuka, akaunyoosha ng'ambo ya kijito, kwenye udongo mwekundu ambapo mashine moja ya njano ilisimama ikinyeshewa.

“Kulee.”

Cathy alitazama kule. Akamtazama Mapalo. Akacheka taratibu, kicheko cha mtu anayezijua tabia za waokota uyoga.

“Ah, mama. Unanificha.”

“Sikufichi, mutoto yangu.”

“Haina neno, nitatafuta mwenyewe,” Cathy alisema. Akakunja kitenge chake, akapita chini ya kibao na kuanza kupanda kati ya mawe, akiinama hapa na pale na kufunua majani. Mapalo alitaka kumwita arudi, akaona hana la kumwambia ambalo hajamwambia. Akakaa kwenye jiwe na kizibao chake kilicholoa, akamwacha apande.