Salamu Kwanza, Namba ya Mlango Baadaye

Mama yangu alikuwa mkunga maisha yake yote ya kazi. Hata alipostaafu akaanza kupangisha vyumba viwili vya juu kwa wageni wa siku chache, hakubadilisha namna yake ya kusema na watu. Mgeni aliyeandika kwamba yuko njiani aliulizwa kama amekunywa maji. Aliyechelewa aliambiwa asijitie presha, kwa kuwa kila kitu kina saa yake ya kutoka. Mlango wetu wa mbele huvimba kila mvua inyeshapo, nao ulikuwa na maelekezo aliyoyatunga mwenyewe: vuta pumzi, sukuma taratibu, pumzika, sukuma tena. Wageni waliyapenda maelekezo hayo, na naamini wapo waliorudi kwetu kwa ajili ya mlango tu.

Kisha mtoto wa jicho akaingilia kati, akayatia ukungu macho yote mawili. Daktari alimpasua mama jicho la kulia kwanza, akalifunika kwa kikombe cha plastiki chenye matundu, akamkataza kuinama, kulisugua na, jambo lililomuudhi kuliko yote, kutazama simu hadi mwezi uishe.

Kaka yangu mkubwa aliona katika kikombe kile nafasi aliyoitafuta kwa muda mrefu. Yeye ni mkaguzi wa hesabu, na nyumbani tunamwita Mkaguzi, jina alilolipata zamani kabla ya kuisomea kazi hiyo, maana tangu utotoni ndiye aliyekuwa akikagua kama tumenawa miguu kabla ya kupanda kitandani. Alitaka mama ahamie kwake, na vyumba vya juu vikodishwe na ofisi moja ya bima kwa mwaka mzima.

"Mama, wewe ni mgonjwa," alimwambia.

"Mimi si mgonjwa. Mimi nimefunikwa."

"Wageni wakiandika, nani atawajibu? Mdogo wangu huyu yuko chuoni anafundisha kutwa. Mgeni asiyejibiwa hulalamika, na akilalamika hadharani jina linaharibika."

Walivutana hadi chai ikapoa. Mwishowe Mkaguzi aliandika sharti lake katika kundi la familia kwenye simu, kwa mtindo uleule anaowaandikia wakurugenzi: *Iwapo mgeni yeyote atacheleweshewa jibu ndani ya mwezi huu na akalalamika, mama atahamia kwangu. Tafadhali zingatieni.* Mama aliniamuru nijibu kwa niaba yake kwamba amezingatia. Mkaguzi alipoondoka, mama alipapasa meza hadi akaupata mkono wangu.

"Wewe si msomi? Tafuta kitu kitakachojibu kama mimi."

Kitu chenyewe hakikuwa kigumu kukipata. Siku hizi wenyeji wengi wana programu inayowajibu wageni yenyewe, na mama aliiita mashine tangu siku ya kwanza. Kazi ilikuwa kuipa maneno. Tuliketi jikoni, mimi nikiandika, yeye akisikiliza huku ameinua kidevu kama jaji.

"'Karibu sana,'" nilisoma. "'Namba ya kufungulia mlango ni hii ifuatayo.'"

"Salamu iko wapi?"

"'Karibu' inatosha, mama."

"'Karibu' hata kibao cha dukani kinasema. Utamwuliza hujambo, habari za safari. Halafu unasubiri."

"Mashine haisubiri. Inatuma tu."

"Basi ifundishe kusubiri. Mwanangu, watoto niliowapokea kwa mikono hii hawana idadi, na sikumkabidhi hata mmoja kabla sijaisikia sauti yake. Mtu akifika, kwanza alie. Ndipo tunaendelea."

Nilipinga. Nilimweleza kwa utulivu kwamba mgeni aliyechoka hutaka mlango, hataki malezi. Kwamba mtu mmoja mwenye haraka angetosha kutuhamisha. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza zamani madaktari wanafunzi, kisha akaendelea alipokuwa ameachia. Asiyejibu salamu hapewi namba.

"Na wakaidi?"

"Wakaidi niachie mimi."

Akaanza kunitajia majibu yao, kundi kwa kundi, pasipo kufikiri hata kidogo: jibu la mwenye haraka, jibu la mwenye kutaja malipo yake, jibu la anayetaka kujua kama anaongea na mtu au kitu. Mwisho kabisa alisema, "Na atakayeniamkia shikamoo, huyo ni mwanangu. Apewe marahaba yake kamili."

Nakiri kwamba wiki za kwanza zilinisuta. Wageni walisalimia, mashine ikasalimia, mlango ukafunguka. Fundi mmoja wa lifti alinogewa kiasi cha kuiuliza mashine habari za watoto wake, nayo, kwa kuwa mama alikuwa ameliona hilo mbele, ikamjibu kwamba wote wazima ila mmoja hapigi simu.

Mwezi ukakaribia kwisha bila lalamiko.

Alasiri moja ya manyunyu nilikuwa nyumbani, nimezagaza karatasi za mtihani juu ya meza ya jikoni. Mama alikuwa kando ya dirisha akikunja shuka kwa kupapasa, pembe kwa pembe. Simu yake ilikuwa juu ya kabati, nimeiweka isome kwa sauti kila ujumbe unaoingia na kila jibu linalotoka, ili asikose habari. Tulikuwa tunamngoja mgeni wa usiku mmoja, mwenye jina tusilolijua na picha ya ua badala ya uso.

"Nimefika," ilisoma simu kwa sauti yake ya bati. "Naomba namba ya mlango."

Jibu likatoka papo hapo: "Pole na safari, mgeni wetu. Hujambo? Habari za huko utokako?"

"Namba ya mlango, tafadhali. Mvua inanyesha."

"Mvua ni neema. Lakini bado hatujasalimiana. Hujambo?"

Kalamu nyekundu ikasimama hewani. Ndiye huyu, niliwaza. Ndiye yule mmoja.

"Nimekwisha kulipa kikamilifu," ilisema simu.

"Malipo tumeyapokea, ahsante. Salamu ndiyo hatujaipokea. Hujambo?"

Nje ya mlango mtu alikohoa, kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu anayetaka kikao kianze. Mama aliacha shuka likining'inia.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Ni mgeni, analowa. Acha nikamfungulie."

"Mgeni gani anakohoa kama marehemu baba yenu akitaka kukataa jambo?"

Nilinyata hadi sebuleni nikachungulia pembeni mwa pazia. Kaka yangu alikuwa amesimama chini ya kijipaa cha mlango kisichomtosha, begi la magurudumu kando yake, jalada la ofisini kichwani, viatu viking'aa kwa maji. Wakaguzi wana kawaida yao: hufika bila kutangaza, hukagua, huondoka. Alikuwa ameazima jina la mtu, akakusudia kupanda juu, kulala, na kutoka asubuhi na ripoti yake, huku mama amefunikwa jicho na mimi nikidhaniwa niko darasani. Kubisha hodi hakuweza. Hodi ingemtoa mafichoni.

Nilirudi jikoni nikanong'ona, "Ni Mkaguzi."

"Najua. Kaa."

"Mama, yeye sasa ni mgeni. Akilalamika, sharti limetimia. Utahama!"

"Ukimfungulia atasema mashine imeshindwa, ameokolewa na mtu. Kaa, mwanangu. Huyu hatufungulii. Huyu tunamngoja."

Nikakaa. Sijawahi kukaa kwa shida namna ile.

"Je, kuna binadamu hapo?" iliuliza simu.

"Binadamu hujulikana kwa salamu," ilijibu simu. "Hujambo?"

Mama aliziba mdomo kwa shuka. Mabega yalimtetemeka, nami nikamkumbusha kwa ishara kwamba daktari hakumruhusu kucheka kwa nguvu, ishara ambayo, nilitambua baadaye, hakuweza kuiona.

Tulisikia magurudumu ya begi yakisogea, kisha tukamsikia akiketi juu yake. Baadaye aliniambia kwamba pale ndipo alipozisoma jumbe zote upya, moja baada ya nyingine, kama anavyosoma hati yenye kasoro, na akaisikia sauti nyuma ya maneno. Mashine ilikuwa imekopeshwa tu sauti hiyo. *Mvua ni neema* aliambiwa yeye, akiwa na miaka saba, siku alipokataa kwenda shule bila mwavuli.

Simu ikalia. Ilisoma polepole, au pengine masikio yangu ndiyo yaliyosikia hivyo.

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu!" ilijibu simu, mbio, kwa furaha ileile ya bati. "Namba yako ni nne, sita, sita, moja. Mlango wetu ni mgumu, usiogope. Vuta pumzi. Sukuma taratibu. Pumzika. Sukuma tena."

Mama alikwisha kusimama. Alipita ukumbini akigusa ukuta kwa ncha za vidole, mimi nyuma yake. Upande wa pili kitasa kililia mara nne. Mlango ukajaa, ukagoma. Tulimsikia akivuta pumzi. Akasukuma. Akapumzika, nami naapa kwamba alipumzika kwa utii. Akasukuma tena, ubao ukaachia kwa kishindo, na kaka yangu akaingia bega mbele, jalada chini, begi likimfuata kama mkia.

"Ulikuwa hivihivi siku ya kwanza," mama alimwambia. "Mkunga mwenzangu alichoka. Bega lile lile."

Mkaguzi aliokota jalada lake. Alifuta miguu kwenye zulia la mlangoni, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, akitafuta cheo chake kilipodondokea.

"Mama, nimekaa mvuani. Nimelowa hadi soksi. Kwa haki kabisa, hili ni lalamiko."

Mama hakutikisika.

"Msomee sharti lake," aliniambia.

Nikalitafuta kwenye simu yangu nikalisoma: iwapo mgeni yeyote atacheleweshewa jibu.

"Haya, kagua," mama alisema. "Simu unayo mkononi."

Alikagua. Kaka yangu ana madhaifu yake, ila hajapata kuidanganya karatasi, hata ile inayomshtaki. Alipitisha kidole kwenye kioo kutoka ujumbe wa kwanza hadi wa mwisho, akilinganisha saa za kuuliza na saa za kujibu. Maji yalimdondoka puani akayaacha.

"Majibu hayakuchelewa," alisema hatimaye.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Na salamu ya watu, iliyokuwa inangoja mlangoni wakati wote huo, nani aliichelewesha?"

Mkaguzi alinitazama mimi. Nami nikautazama ukuta, kwa uangalifu mkubwa.

"Mgeni," alisema.

"Basi mgeni aende akavue soksi." Mama alinyoosha mkono, akampapasa uso kuanzia kipaji cha uso hadi kidevu, akaufuta kwa kiganja. "Umekonda. Au ni mvua? Sogea nikuone kwa jicho hili la akiba."

Alilala juu, katika chumba alichokilipia, na mama akakataa katakata kumrudishia fedha zake kwa kuwa, alisema, ukaguzi una gharama. Asubuhi mashine ilimwuliza ameamkaje, akaijibu. Ikamwuliza kama ndoto zilikuwa njema, akaijibu hilo nalo, ingawa mama alikuwa amekaa naye meza moja akimwagia chai kwa kusikiliza kikombe kikijaa. Kabla hajaondoka aliipigia simu ile ofisi ya bima, ukumbini, kwa sauti ya chini. Aliwaamkia kwanza, nilisikia, kisha akawaambia watafute nyumba nyingine.

Jioni yake maoni ya mgeni yakaonekana hadharani, chini ya picha ya ua. Nilimsomea mama mara mbili kwa ombi lake, na ya tatu kwa hiari yangu:

*Nyumba ni safi. Majibu hayachelewi. Mlango ni mgumu, lakini mwenyeji ana uzoefu na hali hiyo. Wageni wanashauriwa kuamkia mapema. Tafadhali zingatieni.*