Rangi ya Geti

Sifuna ana mdomo, wacha niseme ukweli. Aliingia karakana yangu hapa Kambi Muru na kofia yake imeandikwa "Chairman", akaniambia klabu yake ya kulenga shabaha ina wanachama tisa na bunduki moja ya upepo. Chama cha taifa hakiwasajili mpaka wafike arobaini. "Fundi Osewe, nichongee za mbao, wawe wanajifunza kushika nazo nyumbani. Watu watajaa."

Nikachonga arobaini za mbao ya saiprasi. Binti yangu Mitchelle alichukua ya kwanza. Huyo mtoto alikuwa na mkono mtulivu, we acha tu. Anaweka shilingi juu ya mtutu, anahesabu hadi mia, na shilingi haianguki. Alisema lazima afike mashindano ya taifa, na mimi mjinga nikaanza kujigamba kwa kila mteja.

Shida ni kwamba zilikuwa nyeupe. Vijana walimcheka, eti amebeba mwiko wa ugali.

"Baba, si unipakie tu rangi?"

Nilikataa. Kitu kama hicho kipakwe rangi huku Kibera, una wazimu? Akaninunia siku tatu, hata chai ananiletea bila sukari. Kisha wanachama wakakwama kwenye thelathini na moja, Sifuna akaja na kopo la rangi nyeusi ya geti. Nyeusi zinapendeza kwa picha, akasema. Na wasizifunge gunia tena, wazibebe wazi watu waone, hayo ndiyo matangazo. Nikapaka zote. Ya Mitchelle nilipaka mara mbili ing'ae. Sitamsingizia mtu, mkono ulikuwa wangu.

Jumamosi mchana, watu wawili wenye bastola waliibia duka la simu kule Silanga. Dakika kumi baadaye binti yangu akatokea kona ileile akitoka mazoezini, bunduki begani, kofia ya jaketi kichwani. Mama mmoja wa makaa akapiga nduru. Basi. Waliompiga mawe ni watu waliokuwa wakimuuzia sukuma wiki kila siku. Wananiambia alilia, "Ni mbao! Ni mbao!" Mtu akaikanyaga ile bunduki, ikavunjika, wakaona saiprasi nyeupe ndani. Alikuwa ameshakufa. Wakatawanyika, wakaenda kupika.

Sifuna alikuja matangani na kofia yake, akanishika bega.

"Pole sana, Baba Mitchelle. Lakini jina lake limefanya kazi, wiki hii wameingia kumi na moja. Tuko arobaini na moja sasa."

Akainama karibu na sikio langu.

"Hata nikihesabu ile ya upepo, mmoja hana bunduki. Ile yake, haiwezi kupigwa gundi?"

Ningempasua kichwa, Mungu ananiona. Lakini nguvu sikuwa nazo, na aliuliza kitu ninachokijua.

"Nimeijaribu tangu asubuhi," nikamwambia. "Haishiki."