Karela Aliyoiacha Tribhuvan

Tribhuvan alishajipanga tangu kwenye treni. Kule Gaya, mji wa hija wa Wahindu, ukishamtolea marehemu matonge ya wali kando ya mto Phalgu, unamalizia chini ya mti mtakatifu kwa kuacha chakula kimoja unachokipenda, usikionje tena mpaka unakufa. Ukiacha kwa moyo mweupe, marehemu anapumzika. Na marehemu mwenyewe alikuwa baba yake, aliyemfundisha kuchagua embe kwa kunusa kikonyo.

Embe! Hapo ndipo roho yake ilipokwama. Msimu ulikuwa unakaribia.

Kuhani alikuwa mtu wa haraka.

"Haya bwana, unaacha nini? Sema upesi, wenzako wanangoja."

"Karela," akasema Tribhuvan, akiitaja ile mboga chungu huku amekunja uso kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

"Karela!" Kuhani akacheka. "Ajabu, leo Gaya nzima inapenda uchungu!"

Waliokuwa nyuma wakaangua kicheko. Tribhuvan hakuwahi kumeza karela maishani mwake. Utotoni alizificha chini ya mkeka, na mama yake, Phulmati, ndiye aliyezifagia. Sasa mama huyo alikuwa ubavuni pake, katika sari nyeupe ya ujane, na amesikia kila neno. Aibu ilimpanda Tribhuvan mpaka masikioni. Angeweza kubadili kauli papo hapo, lakini akazikumbuka embe.

"Na wewe, mama?" kuhani akauliza.

Phulmati alimtazama mwanawe, akavuta ncha ya sari kichwani.

"Mimi pia karela."

Tribhuvan akamshika mkono. Mama yake alipenda karela kuliko halua. Baba hakurudi kutoka sokoni bila kumletea, naye alizijaza viungo, akazifunga uzi na kuzikaanga, akazila polepole huku mumewe akimtania kwamba ameoa mbuzi.

"Mama, hapana! Taja kingine!"

"Nyamaza, Tribhu. Baba yako asiondoke mikono mitupu."

"Basi mimi naacha embe!" Tribhuvan akamgeukia kuhani. "Andika embe, Panditji, nimebadili."

"Neno limeshatoka, bwana. Hapa si sokoni. Anayefuata!"

Msimu wa embe ulipoanza, jirani asiyejua kitu aliwaletea bakuli la karela za kukaanga. Phulmati aliinamisha uso juu ya mvuke, akavuta pumzi, kisha akamrudishia bakuli lake na shukrani nyingi. Aliporudi ndani alimenya embe, akaikata vipande, akamsogezea mwanawe.

"Mimi nimeacha embe, mama."

"Umeacha lini? Mbele ya nani?"

Tribhuvan alitazama sahani, machozi yakimlengalenga.

"Kula, mwanangu. Chakula hakitupwi."

Akala. Ilikuwa tamu vilevile kama zamani, na hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote.