Jibu Lililoning'inia Darini

Nililala jana usiku tumbo limejaa bagia, nikaota karai la shangazi yangu linaendesha shindano la maswali.

Hilo halikunishangaza. Karai lile lipo jikoni kwetu Lindi tangu sijazaliwa, na limesikia maswali mengi kuliko walimu wangu wote. Shangazi Somoe alikuwa akiuza bagia, akizifunga kwa magazeti ya zamani. Kusoma hakujua, lakini ukurasa wa chemsha bongo hakuwahi kuuchana. Aliniwekea mimi, nami nikamsomea huku yeye akikaanga. Karibu yote ninayoyajua kuhusu dunia hii niliyapata pale, yakinuka kitunguu, na ninashukuru mpaka leo.

Sasa shangazi amezeeka na kumbukumbu zinamtoka. Mji mkuu wa Mongolia anaukumbuka. Mimi ananiita mgeni. Ananiita kwa heshima zote, karibu mgeni, keti mgeni, na kila anaponikaribisha roho inaniuma.

Basi katika ndoto mshindani ni yeye. Ameketi kwenye kigoda chake, kanga begani, ametulia. Mimi nimesimama nyuma yake. Karai linakohoa, mafuta yanaruka, kisha linatangaza masharti. Utakachokijibu kitabaki kwako. Utakachoshindwa kukijibu kitakwenda zake na hakitarudi. Kunong'onezana ni marufuku. Mwamuzi ni pweza aliyekaa ndani ya ndoo, kwa kuwa anayo mikono ya kutosha kutuziba midomo sote.

Swali la kwanza ni la sayari yenye pete. Shangazi anajibu Zohali, na papo hapo Zohali yenyewe inapiga hodi. Pete hazipiti mlangoni. Shangazi anaiambia iingie kiubavu kama watu wanavyoingiza meza. Inaingia, inasalimia, inakaa juu ya gunia la kunde.

Linafuata la mioyo ya pweza. Mitatu, anasema shangazi. Pweza anaona haya kutajwa hadharani, anaeleza kwamba mmoja husimama akiogelea, ndiyo maana yeye hupendelea kutambaa. Hakuna aliyemuuliza.

Jikoni kwetu sasa ni uwanja wa mpira, ila mafiga yako palepale katikati. Shangazi anaulizwa urefu wa marathoni, anautaja mpaka zile mita za mwishoni. Marathoni inafika ikihema, inaomba maji. Anaulizwa mji wa pwani uliopiga sarafu zake wenyewe zama za masultani wake. Anajibu Kilwa, tena kwa kushangaa, maana Kilwa ni majirani. Anaulizwa ubeti wa shairi una mishororo mingapi kwa kawaida, na mishororo minne inaingia kwa foleni. Ule wa mwisho unarudia maneno yaleyale kila ukigeuka, kama kibwagizo kilivyozoea.

Najiambia tunashinda. Ndipo karai linapopunguza sauti.

"Swali la mwisho," linasema. "Nani alikuwa akikusomea?"

Shangazi anautazama moto. Anaitazama Zohali, nayo inatazama pembeni.

"Mgeni," anasema kwa upole.

"Mgeni si jina. Nakusubiri mpaka bagia hizi ziive."

Kitakachotokea nakijua. Mikono yangu imeshaanza kufifia, naona gunia la kunde kupitia viganja. Nataka kulitaja jina langu kwa nguvu zote, lakini mkono mmoja wa pweza uko kinywani mwangu na mwingine unasubiri zamu. Bagia zinabadilika rangi. Nasikia harufu yake na ninaogopa.

Ndipo ninapoukumbuka ule ukurasa. Majibu ya chemsha bongo yalichapwa chini kabisa, kichwa chini miguu juu. Utotoni sikujua kwamba gazeti linageuzika. Nilikuwa nikisimama kwa kichwa, miguu ukutani, shangazi akinishika vifundo kwa mikono yake yenye unga, nami nikisoma jibu hivyohivyo. Tuliishi namna ile miaka mingi, yeye na mimi, na hakuna aliyefikiria kuligeuza gazeti.

Na leo jibu ni mimi.

Kunong'ona nimekatazwa, kupanda sijakatazwa. Naupanda ukuta kwa miguu, natembea darini, chokaa ni baridi chini ya nyayo. Ninaning'inia mbele ya uso wa shangazi, kichwa chini. Gauni linaniangukia usoni, na kwa kuwa mikono sina tena, nalisogeza kwa meno.

Shangazi ananitazama. Anakunja uso. Ananyoosha mikono kama anayetafuta vifundo vya kushika.

"Siwema," anasema. "Shuka, mwanangu. Damu itakujaa kichwani."

"Sahihi," linasema karai, na mafuta yanatulia.

Pweza anapiga makofi peke yake, na uwanja mzima unarindima. Mikono yangu imerudi. Nasema asante, shangazi, asante kwa kila ukurasa. Nalia hukohuko juu, na kwa sababu nimening'inia, machozi yananitiririkia kwenye paji la uso.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani na paji langu lilikuwa na unyevu. Hilo si ajabu, Lindi kuna joto. Lakini nilipoteremsha miguu kitandani, nyayo zangu zilikuwa nyeupe. Nikazipangusa kwa kidole. Ilikuwa chokaa.

Nilikuwa bado nazikung'uta niliposikia sauti kutoka chumba cha pili.

"Siwema," iliita. "Umeshashuka?"

Niliziweka nyayo zote mbili sakafuni.

"Nimeshuka, shangazi," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."