Wali wa Tisa ya Tano

Dulmaa aliugonga wali kwa ukucha, ukalia kama jiwe. Alikuwa ameupika alfajiri na kuuweka nje ya hema, na sasa jua lilikuwa utosini. Majira ya baridi ni siku themanini na moja, tisa mara tisa, na kila Tisa ina tabia yake. Katika Tisa ya Nne pembe za fahali hupasuka. Katika Tisa ya Tano wali ulioachwa nje haugandi, theluji ya bondeni hulegea, na ng'ombe huanza kujitafutia malisho. Na kwenye kamba ya singa za farasi pale mlangoni, leo palikuwa na mafundo thelathini na saba, moja kwa kila siku: siku ya kwanza ya Tisa ya Tano.

"Shemeji, baridi ya mwaka huu imerukwa na akili," alisema Badarch, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa amehamia kwake siku tisa zilizopita, hema lake lilipolemewa na theluji. "Nyasi zimebaki za siku tano. Tumchinje Alag angali na mnofu."

"Na ndama aliye tumboni tumwambieje?"

"Mwambie wewe, mwenye maneno matamu."

Dulmaa hakucheka. Alag ndiye ng'ombe pekee aliyembakia. Alitoka kwenda kumtazama zizini, akakuta ukungu wa barafu umelizushia jua wenzake wawili, mmoja kila upande, na upinde wa nuru umewaunganisha. Pumzi ya ng'ombe iligeuka chembe za barafu na kudondoka ikichakarisha. Dulmaa alisimama ameduwaa. Kwa miaka hamsini na mitatu alikuwa akiiogopa baridi hii na kuihusudu kwa pamoja. Kitu kikubwa namna hii, aliwaza, hakiwezi kusahau siku zake. Aliyekosea ni mtu.

Akarudi ndani. "Badarch, umeigusa hii kamba?"

"Kila siku, nikishakunywa chai. Niliona una mambo mengi, nikasema nikusaidie kufunga fundo."

"Nami nafunga alfajiri, wewe ukikoroma."

Badarch akahesabu kwa vidole, akaishia kuvitazama tu. "Mafundo tisa ya bure," alisema. "Basi leo ndiyo kwanza tunaingia Tisa ya Nne."

"Ndiyo. Zimebaki siku tisa tu apate malisho, nawe ulitaka kumchinja mja mzito kwa hesabu zako."

Dulmaa akapasua godoro lake, lililojazwa nyasi kavu. Badarch akaleta lake bila kuambiwa. Walilala juu ya ngozi, mbavu zikiwauma, huku Alag akipewa konzi asubuhi na konzi jioni. Upande wa mtoni miti ilipasuka kwa baridi. Siku ya saba Alag alilala chini, akagoma kusimama.

Siku ya tisa ilipopita, Dulmaa alipika wali wa mwisho, akauweka nje. Jua lilipofika utosini alitia kidole, nacho kikazama. Upepo haukuwa umevuma wala hakuna aliyetangaza, lakini bonde zima lilikuwa limepata habari. Badarch naye akatia chake.

Kisha akalichukua bakuli, wala hakuonja. Alichuchumaa zizini, akamlisha Alag kiganjani hadi punje ya mwisho. Ng'ombe akajikusanya, akasimama akiyumba, akageukia mlango wa zizi.

"Nisamehe, mama," Badarch alimwambia, akamfungulia.