Mstari Ambao Endalk Hakuupokea

Nilisimama katikati ya studio, taa zikinichoma uso na kamera moja ikiwa imeshanigeukia, nikasema kwa sauti niliyoitoa tumboni, "Pokea." Endalk alinisikia. Upinde wake ulikwama kidogo juu ya uzi mmoja wa masinko, fidla yetu ya mkia wa farasi, kiasi ambacho mtu asiyemjua asingeng'amua. Kisha akainamisha kichwa, akaendelea na ubeti uliofanyiwa mazoezi, na ukumbi ukampigia makofi. Nikabaki nimesimama na mistari yangu miwili mdomoni, mama akinivuta gauni.

"Kaa chini, Yeshareg. Unatutia aibu."

Nilikaa. Miaka imepita, nywele zangu zimeanza kuwa nyeupe, na bado nikikumbuka kule kukaa damu inanichemka.

Lakini hasira hiyo haikuanzia studio. Ilianzia nyumbani, kwenye kiti cha baba.

Baba yangu, Asnake, alipiga tarumbeta katika bendi ya jeshi mpaka meno yalipomkataa. Baada ya hapo akafundisha muziki, na uzeeni redio ikamgundua. Kila Jumatatu asubuhi Addis nzima ilimsikiliza akiwachambua washindani wa lile shindano la kuimba lililoonyeshwa kwenye televisheni Jumapili mchana. Wauza vitunguu walimsimamisha sokoni, wakimwita Gashe kwa heshima ya umri. "Gashe, yule wa kwanza jana umemwonea." Naye aliwajibu bila kupunguza mwendo, "Sikumwonea. Nilimsikia."

Nyumbani Jumapili haikuwa Jumapili, ilikuwa kikao. Baba alijifunika shuka lake la pamba, mama akakaanga buni, na mtu akiimba hakuna aliyeruhusiwa hata kukoroga kikombe. Wimbo ukiisha, hukumu ilitoka hapo hapo. Huyu binti sauti anayo, ila anaibeba kama beseni la maji, anaogopa isimwagike. Huyu kajifunza kulia kabla hajajifunza kuimba. Huyu mwambieni mama yake kazaa mtoto mzuri, amrudishe shule. Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. Nami nilicheka, mpaka siku Endalk alipotokea kwenye kile kioo.

Nilikuwa namjua tayari. Wakati huo nilikuwa nauza miwani katika duka moja Piassa, na wenzangu wa kazi walikuwa wamenikokota jioni moja hadi nyumba ya azmari, waimbaji wa masinko, kule Kazanchis. Humo mteja ndiye mtunzi. Unasema "pokea", unamtupia azmari mistari miwili, naye anaiimba pale pale na masinko yake, iwe sifa, iwe dhihaka, iwe upuuzi mtupu. Wenzangu walinisukuma mbele. Nikampa mistari kuhusu meneja wetu, anayeuza miwani mji mzima na yeye mwenyewe hawaoni wanaomfanyia kazi. Endalk akaipokea. Ilikuwa mistari ya ovyo, lakini alipoiimba nilisikia kwamba nilikuwa na jambo la kusema na nilikuwa nimelisema.

Kisha mlevi mmoja akampa mistari ya kumtukana mama yake mzazi. Akaiimba pia, neno kwa neno, kwa sauti ileile, wala hakukunja uso. Nilimfuata nje nikiwa nimevimba kwa niaba yake.

"Yule umemwimbia ya nini?"

"Nikikataa mmoja, nitakuwa nimeanza kuchagua," alisema huku akipaka ubani kwenye upinde. "Nikianza kuchagua, mimi si azmari tena. Ni mtu tu aliyeshika masinko."

Nikampenda, na sioni haya kulisema. Nilitoka katika nyumba ambayo mtu mmoja alisema na sisi wengine tulisikiliza. Hapa palikuwa na mwanamume ambaye ukimpa neno analibeba mpaka mwisho.

Shida ilikuwa kazi yake. Watu wetu humwita azmari harusini, humbandikia noti kwenye paji la uso, hucheza mpaka jasho liwatoke, kisha wakifika nyumbani hunawa mikono. Binti hawampi. Endalk alilijua hilo kuliko mimi, ndiyo maana alijiandikisha kwenye shindano.

"Baba yako atanisikia kila Jumapili," aliniambia. "Atanizoea, kama mtu anavyomzoea jirani."

"Baba yangu hajamzoea hata jirani," nikamjibu.

Lakini mwanzoni mambo yalimwendea vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba. Jumapili ya kwanza baba aliinuka kitini. "Huyu ana koo," alisema. "Hebu ongezeni sauti. Nani kamfundisha huyu?" Nikasema sijui, nikakimbilia jikoni na sinia la vikombe. Jumatatu akamsifu redioni, na Jumatatu iliyofuata, na nyingine tena, na mimi mjinga nikaanza kuchagua kitambaa cha gauni la harusi.

Ndipo Endalk alipotuma wazee kuniposa. Walikuja asubuhi wamevaa nguo nyeupe, wakasimama mlangoni kama desturi, wakakataa kuketi mpaka wasikilizwe. Baba aliwachangamkia sana. Aliuliza kijana ni nani, nao wakamtajia.

"Yule wa masinko?" baba akauliza. "Wa azmari wa Gondar?"

"Huyo huyo, Gashe. Wewe mwenyewe umemsifu."

"Nimesifu koo," baba akasema. "Sikusifu ukoo."

Wazee waliondoka bila kuonja hata maji. Mimi nilikuwa jikoni, kisu mkononi na kitunguu mbele yangu, na hakuna aliyekuja kuniuliza kitu. Jumatatu ile baba akawaambia wasikilizaji wake kwamba sauti ya kijana wa masinko imeanza kunuka pombe za wateja. Nikazima redio ya dukani. "Washa, binti," mteja akaniambia, miwani ya kujaribu ikiwa bado puani. "Ndio anafika patamu." Nikaiwasha. Ningefanya nini?

Haikupita wiki, televisheni ikamwalika baba awe jaji mgeni siku ya nusu fainali. Endalk alinijia dukani saa ya chakula cha mchana akiwa hana raha.

"Wamesema nisipokee," aliniambia. Jumapili iliyopita mtu fulani ukumbini alikuwa amemtupia mistari ya kuwasuta wadhamini wa kipindi, naye akaiimba, na Mahlet, msimamizi wa kipindi, alikuwa nusura azimie. "Amesema majaji wakitaka kunijaribu ni sawa. Watu wa ukumbini, hapana. Wimbo ni ule wa mazoezi. Nikipokea mstari kutoka kwenye viti, nimetolewa."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema sawa."

Nilifuta kioo cha kabati ambacho kilikuwa safi tayari.

Siku yenyewe mimi na mama tuliwekwa mstari wa pili, jamaa za jaji. Baba alivaa tai ya bendi. Endalk alitoka na nguo nyeupe, akaimba, na nitasema kweli hata kama nimeudhika: hajawahi kuimba vile kabla wala baada. Katikati ya wimbo alifika pale ambapo, kwenye nyumba ya azmari, watu humtupia mistari. Mkono wake ulishazoea. Akapiga mzunguko mtupu, bila maneno, kama mtu anayeacha mlango wazi.

Baba akasogea kwenye kipaza sauti.

"Pokea," akasema.

Ukumbi ukapiga vigelegele. Gashe Asnake, yule mkali wa redio, anampa azmari mstari. Baba akangoja watulie, kisha akasema polepole, kila neno likisikika:

"Uzi mmoja wa mkia wa farasi, ndio mali ya babako;
Kwetu mlango una kufuli, kagonge huko kwa wenzako."

Watu walicheka, wakidhani ni utani wa jukwaani. Mimi nilijua. Endalk alijua. Akafumba macho, akaipokea. Aliimba kufukuzwa kwake mwenyewe mbele ya nchi nzima, na akaiimba vizuri kiasi kwamba mwanamke mmoja nyuma yangu alianza kulia bila kujua analilia nini. Alipomaliza alimwinamia baba, na baba akaandika alama.

Kisha ukaja mzunguko mtupu wa pili.

Sikupanga. Miguu yangu ilisimama. Mistari ilikuwa imekaa mdomoni tangu siku ya kile kitunguu, sijui ilijitunga lini. Nikasema "pokea", naye akanitazama, halafu akatazama pembeni ya jukwaa, alikokuwa amesimama Mahlet na mikono kifuani. Kisha akainamisha kichwa kama nilivyokwisha kusema. Sikupata hata nafasi ya kuyasema maneno yenyewe. Mtu hawezi kumpa mstari mwimbaji ambaye ameshaanza ubeti mwingine.

Majaji walitoa maoni yao. Wa mwisho alikuwa baba. "Kijana," alisema, na nilimwona akitafakari, "leo umejizuia. Leo umeimba kama msanii."

Endalk alifika fainali, akawa wa pili. Mabango yake yakabandikwa hadi kwenye mlango wa duka letu. Wazee wakarudi, wakasimama pale pale mlangoni, na safari hii baba akawakalisha, mama akawachinjia kuku.

"Mimi sina neno tena," baba akasema. "Msanii ni msanii. Muulizeni mwenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa kitu katika nyumba ile. Nikaweka sinia chini.

"Hapana," nikasema.

Mama alidhani nimeugua ghafla. Baba alitoa macho. "Si ndiye uliyemlilia?" aliuliza. "Sasa nimefungua, unafunga wewe?" Nilishindwa kumweleza. Nilijaribu, maneno yakatoka yamepinda, nikaishia kugombana na mama kuhusu kuku.

Endalk mwenyewe alikuja dukani kesho yake. Meneja alitaka kupiga naye picha, tukangoja amalize.

"Ningetolewa, Yeshi," aliniambia tulipobaki wawili.

"Najua."

"Nilifanya kwa ajili yetu. Ili baba yako akubali."

"Najua, Endalk."

"Sasa kosa langu nini?"

"Baba yangu ulimpokea," nikasema.

Laiti angenijibu vibaya ningepata nafuu. Alichukua mfuko wa masinko yake, akatoka akiwa ameinama kidogo, na wasichana wawili wakamkimbilia barabarani kumwomba sahihi.

Niliolewa na mtu mwingine, nikazaa, nikaja kufungua duka langu la miwani. Mama alitutoka. Baba nilimleta kwangu, na kiti chake, na shuka lake. Redio ilishampumzisha siku nyingi, masikio nayo yakaanza kumsaliti, lakini Jumapili mchana bado tunakaa kikao, mimi na yeye tu. Yeye ananiuliza wamesemaje, mimi nampigia kelele za kumwelezea, halafu anamhukumu mtu ambaye hakumsikia hata nusu. Inachosha sana.

Endalk ni jaji sasa. Amenenepa, anavaa miwani ambayo hakuinunua kwangu. Jumapili iliyopita alitokea kijana wa masinko, mwembamba, na katikati ya wimbo mtu ukumbini akapaza sauti, "Pokea." Kijana akasita, akamtazama Endalk. Endalk akainua kiganja. "Hapa ni mashindano," akasema kwa upole. "Imba ule wa mazoezi."

Nikasonya kwa nguvu mpaka baba akasikia.

"Kasema nini?"

"Kamwambia asipokee."

Baba aliegemeza kichwa kitini. Nilidhani amesinzia, nikainuka kupeleka vikombe.

"Yeshi," akaniita. "Siku ile ulisimama. Ulitaka kumpa mstari gani?"

"Nimesahau," nikapaza sauti kutoka jikoni, nikikiosha tena kikombe kilichokwishatakata.

"Hujasahau. Unaosha vikombe visivyo na uchafu."

Nikarudi. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilinishangaza kwa uzima wake, utadhani ilikuwa imelala tu chumba cha pili. Nikainama karibu na sikio lake zuri. "Basi pokea," nikamwambia, nikampa:

"Kufuli ni la baba yangu, ufunguo ninao mimi;
Amesikia koo za wote, hajasikia wangu ulimi."

Alivuta shuka mabegani, akakohoa kidogo, akakaa wima kama walivyofundishwa bendini. Kisha baba yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimwimbia mtu hata siku moja, akaanza. Sauti ilikuwa nyembamba na bila meno. Hakubadili neno. Aliimba "baba yangu" kama nilivyompa, akaenda nayo mpaka mwisho, na kwenye televisheni watu walikuwa wanampigia makofi mtu mwingine.

"Vipi?" akauliza alipomaliza, macho yake yakiwa bado kwenye kioo.

Nikapunguza sauti ya televisheni.

"Mstari wa pili umeshuka," nikamwambia. "Rudia."

Akarudia.