Vigae vya Mate

Miaka ishirini na minane Verlene Stokley aliikwepa karamu ya kila mwaka ya wabandika vigae wa mji wa Titusville, maana nani anapenda kwenda kuchekwa? Lakini vyombo vya angani vilikuwa vimestaafishwa, karamu hii ilikuwa ya mwisho, na yeye, ukweli usemwe, alikuwa amewakumbuka wenzake mpaka anaumwa.

Akakaa mwisho wa meza, upande wa mtoni, na sahani yake ya kamba wa kukaanga. Enzi zile! Wanawake arobaini waliotoka kuchuma machungwa na kuhudumu mikahawani, wakakabidhiwa kubandika maelfu ya vigae tumboni mwa chombo ili kisiungue kikirudi duniani. Waliimba, waliwasengenya waume zao, waligawana mkate wa mahindi. Hakuna kazi aliyoipenda kama ile.

Kilichoharibu ni mate. Gundi ilichelewa kukauka, wakubwa wanahimiza, na mtu akagundua kwamba ukiitemea mate inashika upesi. Verlene alijaribu kigae kimoja pembeni, na kesho yake akakibandua kwa vidole viwili. Akamwandikia msimamizi wao, Harlan Crewse, kwamba kwa mtindo huu watu watakufa. Harlan aliisoma barua mbele ya wote huku akicheka, na Jumatatu Verlene akajikuta boharini, anapanga glavu. Shoga zake wakaacha kula naye.

Siku chombo kiliporuka alipiga magoti jikoni, akamwomba Mungu kirudi salama. Kikarudi salama, na tangu siku hiyo yeye akawa mzushi. Baadaye vyombo vingine viwili vilipotea na watu wake, kwa sababu ya maonyo mengine yaliyopuuzwa, lakini chao kilirudi kila safari.

Sasa Harlan, kipara kinang'aa, aligonga glasi yake ya chai baridi. "Jamani, mnamkumbuka nabii wetu wa mate? Yule pale! Eti Verlene, chombo kilirudi ama hakikurudi?"

Meza nzima ikacheka, isipokuwa Ouida Tharp, ambaye zamani alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana. Ouida aliweka uma chini.

"Kilirudi kwa sababu vigae vyangu nilivibandua," alisema. "Kila saa ya chakula, nyinyi mkila. Mia mbili na kumi. Nikavibandika upya bila mate."

"We Ouida, acha utani wako."

"Utani wa nini, Harlan? Nilijaribu kama alivyojaribu yeye. Kigae kikabanduka, kikabaki mkononi mwangu."

Maybelle, aliyekuwa ng'ambo ya meza, akakohoa. "Mimi themanini hivi. Nilisingizia mgongo, nikawa nabaki nyuma."

"Mimi wala sikuhesabu," alisema mwingine, macho kwenye sahani.

Harlan akaiweka glasi yake mezani.

Furaha ilimjaa Verlene. Walisikia! Barua ile ilisomwa kwa kicheko, na bado walisikia. Watu wa chombo walirudi kwa wake zao na watoto wao. Alitaka kuinuka awakumbatie wote. Lakini hakuinuka, kwa sababu nyuma ya furaha ilikuja hasira ambayo hakuijua. Aliwatazama mmoja mmoja, nyuso alizoziota miaka yote ile.

"Namba yangu ya simu mlikuwa nayo," alisema. "Hata nyumba sikuhama."